Pamba iko kwenye nembo, iwe pia kwenye bendera

Siku ukiingia ofisi yoyote ya serikali ya Tanzania, itazame vizuri nembo ya taifa iliyoko ukutani. Mwanamume na mwanamke wameishika ngao, wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, na chini yao yameandikwa maneno Uhuru na Umoja. Miguuni pa mwanamume pana mkarafuu. Miguuni pa mwanamke pana mmea wa pamba. Mimea hiyo haikuwekwa pale kujaza nafasi: karafuu za Zanzibar na pamba ya Bara zilikuwa miongoni mwa mazao yaliyoiingizia nchi fedha za kigeni Muungano ulipozaliwa mwaka 1964.

Ukitoka nje ya ofisi hiyohiyo, inua macho kwenye mlingoti. Mara nyingi utakuta bendera ya poliesta. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli, na sisi hatuna kiwanda cha petrokemikali cha kuizalisha. Kwa hiyo ndani ya nembo pamba ipo, ila kwenye bendera yenyewe haipo, wakati mkulima wa Bariadi na Meatu anaendelea kuilima kila msimu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Bendera inayonunuliwa kwa fedha za umma, iwe ya ofisi ya kijiji, shule, kituo cha polisi, ubalozi wetu nje au ya kufunika jeneza la kiongozi, itengenezwe Tanzania, na itengenezwe kwa pamba ya Tanzania tangu shambani. Siishii kwenye kushona. Na hapohapo niseme kwamba siombi mwananchi akatazwe kununua kibendera chake cha bei nafuu kilichoshuka bandarini, jambo nitakalolieleza mbele.

Mjadala huu huwa unaharibika kwa sababu maneno "imetengenezwa nchini" kila mtu anayavuta upande wake. Fundi akinunua jora la poliesta Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, akalikata na kulishona Buguruni, ile bendera ni yetu au siyo? Ujira wa fundi umebaki nyumbani, na hilo ni jambo jema. Lakini uzi, ufumaji na rangi vimelipwa nchi nyingine, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya thamani ya kitambaa. Mzabuni mwingine anaweza kuagiza bendera zilizokwisha kushonwa, akazipigia upindo tu na kuzitia kamba, halafu akajaza kwenye fomu kwamba ni bidhaa ya ndani. Kama sheria haisemi unyumbani wa bendera unaanzia hatua gani, mjanja ndiye atakayeamua.

Marekani waliliona tatizo hili na wakalifunga. Kwa muda mrefu serikali yao kuu iliruhusiwa kununua bendera ambazo nusu tu ya malighafi yake ilikuwa ya nyumbani. Julai 2024 Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyosukumwa na maseneta wa vyama vinavyopingana, Susan Collins wa Republican na Sherrod Brown wa Democratic. Sheria hiyo inazitaka ofisi za serikali kuu kununua bendera iliyotengenezwa Marekani kwa asilimia 100, pamoja na malighafi yake. Jeshi lao lilikuwa limeshabanwa na sharti la aina hiyo miaka kumi kabla. Raia wa kawaida hakuguswa: bado yuko huru kununua bendera iliyotoka China, na wengi wanafanya hivyo. Kilichobanwa ni mkono wa serikali unapotumia kodi, na hapo ndipo mimi pia naona mpaka unapaswa kukaa.

Tuje kwenye bendera yetu yenyewe, maana watu hudhani ni kitambaa tu. Bendera ya Tanzania ni ngumu kushona. Ya Uganda ni mistari sita iliyolala, fundi anaunga vipande vilivyonyooka, kazi inayobaki ni duara la korongo. Yetu imekatwa mshazari. Kuna pembetatu ya kijani juu upande wa mlingoti, pembetatu ya buluu chini upande wa pili, na katikati mkanda mweusi unaopanda kutoka kona hadi kona, umepakana na mikanda miwili myembamba ya rangi ya dhahabu. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye cherehani anajua kitambaa kikikatwa mshazari kinafanya nini: kinanyumbuka. Ukikivuta kidogo wakati sindano inakwenda, mshono unajikunja, na bendera ikipanda juu inaonyesha mawimbi ambayo upepo haukuyaleta. Fundi mzuri hupiga pasi kila kipande kabla ya kuunga, hushikiza kwa pini, hushona taratibu, halafu hupima kona upya. Mikanda ya dhahabu ndiyo inayowashinda wengi. Ikizidi upana huku na kupungua kule, jicho linaona hata kwa mbali.

Kiwanda kinachozalisha kwa wingi na kwa bei ya chini hakitajisumbua na hayo. Kinachapa rangi upande mmoja wa poliesta nyepesi, na upande wa pili unapata kile kilichopenya. Nimewahi kushika bendera ya namna hiyo: mbele kijani kilichokolea, nyuma kijani kilichopauka, dhahabu imekuwa njano ya limau, mkanda mweusi umekonda kiasi kwamba ulionekana kama mstari wa kutenganisha rangi. Mweusi ule ni watu wa nchi hii. Aliyechapa hakuwa na nia mbaya, ila hakuwa na sababu ya kujua, na hakuna mtu wa kwao aliyesimama kumwambia hapana, rudia.

Hoja kubwa ya wanaopinga ni ya kiuchumi, nayo nitaijibu kwa hesabu. Wanasema bendera ni chache mno kuweza kumsaidia mkulima wa pamba. Chukua vijiji, ambavyo ni zaidi ya 12,000. Ongeza kata karibu 4,000, mitaa ya mijini zaidi ya 4,000, na shule za msingi zaidi ya 17,000. Unapata milingoti kama 37,000, bila kuhesabu sekondari, zahanati, polisi, mahakama na wizara. Kila mlingoti upewe bendera mbili kwa mwaka, jumla ni 74,000. Kwa makadirio yangu kila bendera, pamoja na vipande vinavyopotea kwenye ukataji, inakula mita za mraba mbili za kitambaa chenye uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba. Hizo ni tani 30 hivi za kitambaa. Ukirudi nyuma kupitia ufumaji, usokotaji na kinu cha kuchambulia, unafika kwenye pamba mbegu, yaani ambayo haijachambuliwa, kama tani 100. Mkulima mdogo anayevuna kilo 300 kwa ekari anahitaji wenzake wa kutosha kujaza ekari 330 au zaidi kidogo, na kazi imekwisha. Nchi nzima, msimu mbaya hutoa tani laki moja na ushee, msimu mzuri hufika laki tatu.

Kwa hiyo wapinzani wana haki. Bendera haitaiokoa pamba, na anayewaambia wakulima wa Simiyu kwamba itawaokoa anawadanganya. Ila hesabu hiyohiyo ina upande wa pili ambao hausemwi. Kama hitaji lote la nchi ni tani 100, basi gharama ya kulitimiza kwa pamba yetu ni ndogo vilevile. Tukishindwa kutimiza hilo, tutaweza kipi kikubwa zaidi?

Kwani tumeshawahi kuweza makubwa. Kanga, vazi ambalo hakuna harusi wala msiba unaokwenda bila ya hilo, kwa miongo mingi ilichapwa ng'ambo: Ulaya, India, Japani. Baada ya uhuru ikaanza kutoka Ubungo, kwenye kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma kukawa na Mutex. Pamba iliingia mlango mmoja na kitambaa kikatoka mlango mwingine. Kisha ikaja miaka ya 1980: mitambo imechoka, vipuri vinahitaji fedha za kigeni ambazo hazipo, umeme unakatika, na soko likafunguliwa kwa mitumba na vitambaa vya bei ya chini. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na vichache vilivyobaki leo vinapigana na bidhaa za nje kila siku. Mwaka 2016 serikali ilikuja na mkakati wa kuipeleka pamba hadi kwenye mavazi. Bado sehemu kubwa ya pamba nyuzi inafungwa marobota na kusafirishwa ikiwa ghafi, kama zinavyosafirishwa karafuu za Pemba, ile mimea miwili ya kwenye nembo.

Kilichoviua viwanda vile hakikuwa ukosefu wa uzalendo wa wafanyakazi wake. Kiwanda cha nguo hufa kikikosa mteja wa uhakika. Meneja hawezi kupanga uzi wa mwaka ujao ikiwa hajui nani atanunua, mtindo utakuwa upi, na kontena lipi litashuka bandarini kesho yake likiwa na bei nusu. Bendera ndiyo bidhaa pekee ya nguo ambayo haina matatizo hayo. Rangi ni nne, hazibadiliki. Mchoro haubadiliki. Mnunuzi anajulikana na hafi. Oda inakuja kila mwaka. Kwa mtu anayetaka kumfundisha kijana kutia rangi isiyochuja, kufuma kitambaa chenye uzito sawa toka mwanzo wa jora hadi mwisho na kushona mshazari bila kukunja, ni vigumu kupata zoezi bora kuliko hili. Fundi aliyeiweza bendera ya Tanzania ataiweza sare ya shule, shuka la hospitali na gwanda la askari, na huko ndiko kwenye tani nyingi.

Hapa lazima niwasikilize wanaosema pamba haifai mlingotini. Ni kweli pamba ikilowa inakuwa nzito, inachelewa kukauka, na Tanga au Mtwara itaota ukungu mapema kuliko poliesta. Jua nalo huipausha. Kwa bendera inayokaa nje usiku na mchana mpakani au kwenye kilele kinachopigwa na upepo, niko tayari kukubali mchanganyiko wa nyuzi, mradi ufumwe hapa. Lakini huo uimara wa poliesta unaosifiwa una madhara yake. Kwa kuwa haiozi, inaachwa. Utaikuta mbele ya ofisi ya mtendaji imechanika pindo lote la mwisho, kijani kimekuwa kijivu, na ipo, inapepea, mwaka unaingia mwaka unatoka, kwa sababu hakuna fungu la kuibadilisha na kwa mbali bado inaonekana kama bendera. Afadhali kitambaa kinacholazimisha kubadilishwa, na halmashauri ikawa na kifungu cha bajeti kwa kazi hiyo.

India inatufaa kama somo kuliko nchi yoyote, kwa mazuri na kwa makosa yake. Wao walianza na gurudumu la kusokotea. Gandhi aliifanya khadi, kitambaa kinachosokotwa na kufumwa kwa mkono, kuwa silaha dhidi ya vitambaa vya Manchester, na baada ya uhuru bendera ya taifa ikatakiwa iwe ya khadi. Hata Kanuni za Bendera za mwaka 2002 zilishikilia hivyo. Kule Karnataka, kitongoji cha Bengeri mjini Hubballi, kuna chama cha khadi kilichoundwa mwaka 1957 ambacho kwa miaka mingi kilikuwa peke yake chenye cheti cha shirika la viwango kutengeneza bendera hiyo. Wafanyakazi wake wengi ni wanawake. Kila kitu hupimwa: idadi ya nyuzi, uimara wa rangi, ukubwa wa gurudumu lililochorwa katikati ya bendera na mahali lilipokaa. Bendera yenye kasoro haitoki.

Halafu tarehe 30 Desemba 2021 serikali ikarekebisha kanuni, ikaruhusu poliesta na bendera za mashine. Miezi michache baadaye, Agosti 2022, ikawataka wananchi kila nyumba ipeperushe bendera kusherehekea miaka 75 ya uhuru. Khadi isingeweza kamwe kutosheleza nyumba zote za India kwa mkupuo, hilo halina ubishi. Poliesta ikajaa sokoni, baadhi ya bendera zikaonekana na gurudumu lililokaa pembeni, na wasokotaji wa Bengeri walioishi kwa kusubiri Agosti kila mwaka wakalalamika kwamba oda zao zimeporomoka katika mwaka waliotarajia kuuza kuliko yote.

Ninachojifunza hapo ni mambo mawili yanayovutana. Kwanza, kumpa mtengenezaji mmoja peke yake kazi yote ni kumfungia kwenye kibanda kidogo. Siku hitaji likikua, serikali itamruka. Pili, kufungua mlango wote kwa siku moja ni kuwatupa waliokulinda. India ingeweza kuiacha poliesta kwa nyumba za watu na kuibakiza khadi kwa milingoti ya serikali, kama walivyogawanya Wamarekani. Haikufanya hivyo.

Kuna atakayeuliza: mbona unang'ang'ania bendera, na noti je? Pasipoti je? Hizo nazo ni alama za taifa, na zetu zinatoka nje. Pasipoti ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018 ilitengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya HID ya Marekani. Jibu langu ni kwamba si kila alama ina uzito uleule kiwandani. Noti inahitaji karatasi maalumu, wino maalumu na mitambo ambayo hulipa pale tu inapochapa kwa ajili ya nchi nyingi. Kenya ilikuwa na mtambo nyumbani, Ruaraka, Nairobi, ila mwenye ujuzi alikuwa De La Rue wa Uingereza, hata baada ya serikali ya Kenya kuchukua asilimia 40 ya hisa za tawi hilo. Mwaka 2023 kampuni ikasitisha uchapaji pale, na mwaka uliofuata kazi ikaenda kwa Giesecke+Devrient ya Ujerumani. Waingereza wenyewe, walipojitoa Umoja wa Ulaya, walirudisha pasipoti ya buluu kama ishara ya kujitawala, lakini kwenye zabuni ya mwaka 2018 De La Rue wao walishindwa, ikachukuliwa na Gemalto, kampuni ya Kifaransa na Kiholanzi, na vitabu hivyo vikatengenezwa Poland. Bei ilikuwa ya chini, na ulinzi wa hati haukupungua. Siwalaumu. Kwenye hati za usalama, teknolojia na usiri ndivyo vya kutazama kwanza, na sioni aibu kununua kwa anayeviweza. Bendera haina siri yoyote. Ni pamba, rangi na mshono.

Na sasa kuhusu mchuuzi. Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba au mechi kubwa ya Taifa Stars, barabarani wanatokea vijana wenye vibendera vya mkononi, mitandio na kofia. Vingi vimenunuliwa Guangzhou au Yiwu na wafanyabiashara wa Kariakoo. Tunayo Sheria ya Nembo za Taifa tangu mwaka 1971, na Ofisi ya Mpiga Chapa Mkuu wa Serikali ina dhamana ya kutoa bendera na nembo rasmi. Ni sawa. Lakini naogopa siku uzalendo wa kiwandani utakapogeuzwa kuwa msako, kijana akanyang'anywa boksi lake la vibendera kwa sababu vimetoka nje. Mtoto anayekipunga kibendera uwanjani anajifunza kuipenda nchi yake, na hajali kilichapwa wapi. Muuzaji yule tumwachie soko lake. Vikishonwa vizuri hapa kwa bei inayokaribiana, yeye mwenyewe atavifuata.

Serikali ina kazi tatu, na hakuna inayohitaji sheria mpya kubwa. Kwenye mfumo wa zabuni wa NeST, maelezo ya bidhaa yaseme wazi: kitambaa cha pamba kilichosokotwa, kufumwa na kutiwa rangi Tanzania. Vipimo na rangi rasmi viwekwe mahali ambapo fundi wa Maswa anavipata bila kubisha hodi Dodoma, na TBS, shirika letu la viwango, lipime sampuli kabla ya malipo. Na ushonaji usipewe mtu mmoja. Sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, yakiwemo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya ushonaji viko kila wilaya, wahitimu wa VETA wapo, SUMA JKT na Magereza wanashona sare tayari. Kila mkoa unaweza kushona bendera zake.

Fursa ya kuanzia ipo. AFCON ya 2027 imepangwa kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda, na viwanja, viwanja vya ndege, hoteli za wageni na barabara za miji itakayochezewa mechi vitahitaji bendera nyingi za serikali kuliko tulivyozoea. Pamba ya Kanda ya Ziwa hupandwa Novemba na Desemba, msimu wa kununua hufunguliwa Mei, na vinu huchambua hadi karibu mwisho wa mwaka. Baada ya hapo kuna kusokota, kufuma, kutia rangi, kupima, ndipo kukata mshazari. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka mechi ya kwanza, pamba itakayopanda milingotini ni ile inayonunuliwa Mei 2026, na oda ya kitambaa inapaswa kuwa mezani kwa mwenye kiwanda kabla mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, haijaanza kupima.